Kuomba na Kutabana

Mtoto akishikwa na homa usiku, nyumba nzima huingia hofu. Mama humpakata mgonjwa, baba huwasha taa, na kabla ya mapambazuko jirani mwenye huruma hunong'ona: “Mpelekeni kwa fulani, yeye anajua kutabana.” Jambo hili latokea hata katika nyumba za Wakristo. Kwa hiyo tumeona vyema leo kulichungua neno hilo pamoja na ndugu zake.

Mtu hutabana atamkapo maneno ya uganga juu ya mgonjwa. Hunuiza anapoiambia dawa kazi anayotaka iifanye. Huapiza anapomwitia mwenziwe mabaya; naye anayezingua hudai kuyafungua yaliyofungwa na mchawi. Shabaha zao si moja: huyu ataka kuponya, yule ataka kudhuru. Lakini wote wasimama juu ya wazo moja, kwamba maneno yakitamkwa barabara, kwa utaratibu wake, jambo halina budi kutokea.

Sala sivyo ilivyo. Aombaye hujua ya kuwa anayeombwa ana hiari. Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, aliomba kikombe kimwondokee, kisha akayaacha yote katika mapenzi ya Baba. Mwenye kutabana hawezi kusema hivyo. Siku atakaposema hivyo, ameacha kutabana na ameanza kusali.

Wala tusiwe wepesi wa kuwacheka wengine. Yuko kati yetu avaaye rozari shingoni kama hirizi, naye haisali. Yuko akaririye sala fulani siku kadhaa, akiogopa kwamba akikosa siku moja atapatwa na msiba. Midomo yasali, moyo wanuiza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2111, yafundisha ya kuwa kutegemea matendo ya nje tu ya sala, pasipo moyo unaoipasa, ni kuanguka katika ushirikina. Nayo namba 2117 yakataza uchawi hata ukifanywa kwa ajili ya kurudisha afya.

Hatusemi kwamba majani na mizizi ni haramu. Mwenye kuujua mti unaotuliza maumivu amepewa kipaji na Muumba. Lakini anayetabana mara nyingi haishii kwenye dawa. Humtaja na aliyeroga. Na anayetajwa ni nani, kama si bibi kizee wa jirani, asiye na mtu wa kumtetea? Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, nayo macho hayo aghalabu ni kazi ya moshi wa kuni tu. Homa ya mtoto hupoa. Damu iliyomwagika haizoleki.

Wazee walinena: Dua la kuku halimpati mwewe. Walijua kwamba neno halina nguvu kwa kuwa limesemwa tu. Tena waliliita “dua” hata apizo la kuku, kana kwamba watuonye ya kuwa jina moja laweza kubeba mioyo miwili.

Basi, wazazi wapendwa, mtoto akishikwa na homa, mpelekeni hospitali bila kukawia, na njiani mwombeeni. Tena mwombeeni na yule bibi jirani, ambaye huenda usiku huohuo anamwombea mwanenu.