Fundi Anaposema "Ni Betri"

Land Rover ya zamani ikigoma kuwaka asubuhi pale Mkata, watu wakaisukuma mpaka kwa fundi umeme kando ya barabara ya Chalinze–Segera, jibu mara nyingi linatoka kabla boneti haijafunguliwa: ni betri. Huenda ni kweli. Ninachouliza ni kama anayesema anajua, na kama ana haki ya kusema hivyo wakati hajui.

Betri hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana kuumwa. Taa zinafifia, honi inakoroma, starta inatoa mlio mmoja na kunyamaza. Lakini betri ni ghala tu. Kinacholijaza ni altaneta (au dinamo, kwa gari za kabla ya Series III ya mwaka 1971), mkanda unaoizungusha, nyaya, na ethi, ule waya mnene unaounganisha betri na chesisi. Gari likishakula matope ya Handeni kwa miaka arobaini, pale ethi inapofungwa hushika kutu, na kutu hiyo peke yake yaweza kuzuia chaji.

Kupima si kazi kubwa. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Washa injini. Mita ikipanda kati ya 13.8 na 14.4, chaji inaingia, na sasa unaweza kuishuku betri kwa haki. Isipopanda, betri mpya itaifuata ya zamani.

Ila haitaifuata leo. Betri mpya inakuja na chaji yake, kwa hiyo gari litawaka hapo hapo na fundi ataonekana bingwa. Kosa litajitokeza baada ya siku kadhaa, usiku, katikati ya zile kilomita 54 za Mkata hadi Handeni mjini, taa zikizima huku nyuma kuna abiria. Wakati huo dereva hatamkumbuka fundi. Atasema betri za siku hizi ni feki.

Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, katika insha ya mwaka 1986, alimtenga mwongo na mtu wa aina nyingine. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Huyu mwingine hajali kama anachosema ni kweli au la, ili mradi kimfikishe anakotaka, na Frankfurt alimwona kuwa adui mkubwa zaidi wa ukweli. Sisi jina lake tunalo siku nyingi: mbabaishaji. Mara nyingine mbabaishaji anapatia, na betri kweli imekufa. Kupatia hakumsafishi, maana abiria wa usiku ule aliwaweka kwenye bahati nasibu bila kuwauliza.

Halafu kuna taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Inawaka njia nzima, mwenye gari inamkera, fundi anachomoa balbu na wote wawili wanapumua. Kumbe kwenye altaneta nyingi za zamani, zikiwemo za Lucas, umeme mdogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta injini inapowaka. Ukiitoa, altaneta iliyokuwa ikichechemea inaweza isiamke kabisa.

Hapo mteja naye anahusika, na kwa bei pia. Betri ni kitu. Unakishika, unakilipia bila kununa. Fundi akitumia saa nzima kufuata waya mmoja mmoja, akakuta ethi ina kutu, akaisugua kwa msasa na kukaza nati, mzee mwenye gari atamwambia, "Mwanangu, msasa tu ndiyo elfu kumi?" Kijana atajibu, "Basi mzee wangu, nipe hata elfu mbili." Kesho yake, gari jingine likija, atasema ni betri. Simtetei, lakini sioni tulimfundisha wapi kitu tofauti.

Kwa hiyo nadhani bei ya kupima inapaswa kupatanwa kabla boneti haijafunguliwa, na ilipwe hata kama kilichobadilishwa ni sifuri. Na fundi akisema, "Sijajua bado, niachie gari mpaka saa kumi," aachiwe.