Hodi Lamboni

Msikilizaji wa Mwadui, wa Maganzo, wa Songwa:

Kwa jirani hupiga hodi. Husukumi mlango. Unasimama, unasubiri, mpaka usikie karibu.

Lamboni ni vivyo hivyo. Mwenye kamera asiyejua hodi hukimbilia ukingoni, akaambulia picha ya mikia ya ndege wanaokimbia. Anayejua hodi hukaa chini. Hunyamaza. Husubiri. Ndipo mdiria huja. Husimama hewani, mbawa zikipiga palepale, kichwa kimetulia, macho majini. Mara, chubwi! Huibuka na samaki, akampigiza kwenye tawi, ndipo akammeza. Uzuri huo hauhitaji kiingilio.

Na korongo weupe je? Wanatoka Ulaya. Wanakimbia baridi, wanavuka jangwa la Sahara, wanatufikia msimu wa mvua. Safari yote hiyo, halafu tuwapokee kwa manati? Hapana. Wasukuma hatupokei wageni hivyo.

Mama unayechota maji, kijana unayenywesha ng'ombe, nawe unayewahi zamu mgodini: leo ukimkuta mtoto ameshika manati kando ya lambo, usimfokee. Mwite. Kaeni chini kidogo, mtazame pamoja.