Nguo Tuivaayo na Mkono Ulioishona

Ndugu msomaji, mtu anunuapo shati la mtumba pale Kongowea, jambo la kwanza afanyalo ni kulifua, apate kulisalia pasi na shaka ya tohara yake. Hilo ni jema. Lakini ni nani miongoni mwetu aulizaye lilishonwa na nani, na kwa ujira gani?

Pamba hulimwa nchi moja, ikafumwa ya pili, ikashonwa ya tatu. Shati likavaliwa Ulaya, kisha likafungwa robota na kushushwa Kilindini. Katika safari hiyo kila mkono husema: "Dhuluma si yangu, ni ya aliyenitangulia."

Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, katika Bangladesh, kuta za jengo la Rana Plaza zilionekana zimepasuka. Benki iliyokuwamo ikafunga. Washonaji wakaamrishwa warudi kazini. Asubuhi ya pili yake jengo likaporomoka, wakafa watu 1,134.

Atasema mtu: "Mimi maskini wa Mombasa nina kosa gani?" Kweli, dhambi ya aliyewaamrisha si yako. Lakini kutojua ni udhuru wa asiyeweza kujua, si wa asiyetaka kuuliza. Wafanyakazi na wanunuzi walipopiga kelele, makampuni mengi ya nguo yalitia sahihi, mwaka ule ule, mkataba wa kukagua viwanda. Kuuliza, basi, si kazi bure.

Na tuanzie nyumbani: fundi aliyetushonea kanzu za Idi, je, tumekwisha kumlipa?