Mdai Anapobisha Mlangoni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Wafalme 4:1-7, Kumbukumbu 24:6, 10-13, Nehemia 5:1-13, Mithali 6:1-5, Mathayo 18:23-35, Wakolosai 2:13, 14.

Fungu la Kukariri: Warumi 13:8.

Katika mitaa ya Ngamiani na soko la Mgandini jijini Tanga, na miongoni mwa wanaosubiri mashua za samaki pale Deep Sea, mikopo ya haraka ina jina linalojulikana hata kwa watoto: kausha damu. Fedha hupatikana kwa dakika chache, ama kwa mkopeshaji wa mtaani anayeshikilia kadi ya benki ya mkopaji, ama kwa programu ya simu. Shida huanza siku ya kulipa. Wa mtaani huja kubeba godoro, jiko na televisheni. Wenye programu hutuma ujumbe kwa ndugu, mwajiri, hata mchungaji, wakimtangaza mdaiwa kuwa ni tapeli. Wahenga walikwisha kuonya: kukopa harusi, kulipa matanga.

Somo la juma hili linatazama mambo mawili ambayo Biblia huyashika pamoja: mdaiwa ana wajibu wa kulipa, na mdai hana ruhusa ya kumvunjia mtu utu wake.

JUMAPILI: Mjane na Wanawe Wawili

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mdai alitaka kuchukua nini, na Elisha alianza kwa kuuliza nini?

Marehemu alikuwa miongoni mwa wana wa manabii, mtu mcha Mungu. Hata hivyo aliacha deni, na mdai akaja kuchukua watoto wawe watumwa. Deni si ushahidi kwamba mtu amemwacha Mungu, na Elisha hakumkemea mjane yule. Alimwuliza ana nini nyumbani.

Muujiza ule ulipitia katika hatua za kawaida kabisa. Mama alisema shida yake badala ya kuificha. Alitaja kile kidogo alichobaki nacho. Aliwaendea majirani, nao wakampa vyombo. Kisha akaambiwa auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Nabii hakumfundisha kumkimbia mdai, wala hakumwacha mdai awachukue watoto.

JUMATATU: Mdai Asimame Nje

Soma Kumbukumbu 24:6, 10-13. Sheria hii inamlinda nani, na kwa namna gani?

Mkopeshaji katika Israeli alikatazwa kuingia nyumbani kwa mkopaji kuchagua rehani. Alipaswa kusimama nje mpaka mwenye nyumba amletee. Vazi la maskini lilirudishwa kabla jua halijachwa, ili apate la kujifunika usiku. Jiwe la kusagia halikuwekwa rehani kamwe, kwa kuwa ndilo lililoleta chakula. Leo cherehani ya fundi na sufuria za mama lishe ni mawe ya kusagia: anayevibeba humnyima mdaiwa njia ya kulipa.

Simu nayo imekuwa nyumba. Programu inayofungua majina na picha za mkopaji imeshavuka kizingiti. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mwongozo wake wa mwaka huohuo unagusa uwazi wa riba na tozo, namna ya kudai madeni, na faragha ya wateja. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria za nchi zinapomtaka mdai abaki nje ya mlango, zinakubaliana na Musa.

JUMANNE: Kilio Dhidi ya Ndugu

Soma Nehemia 5:1-13. Waliokuwa wakilia walimlalamikia nani?

Watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Waliowabana hawakuwa wageni, bali Wayahudi wenzao. Nehemia aliwaita wakuu mbele ya mkutano, akadai warudishe mali pamoja na sehemu ya mia waliyotoza, yaani asilimia 1.

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 200,000 ambao mkopeshaji hukata 50,000 mapema, akampa muuza samaki 150,000, naye arudishe zote 200,000 baada ya siku 7. Hiyo ni theluthi moja ya fedha alizopokea, kwa juma moja. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo kwa wakopeshaji wa huduma ndogo za fedha nchini, riba ya mwezi mzima ingekuwa 5,250.

Ni jambo zito pale ambapo mkopeshaji wa namna hiyo na mdaiwa wake wanaketi kanisani benchi moja. Je, Nehemia angesema nini katika mkutano huo?

JUMATANO: Kama Paa Mkononi mwa Mwindaji

Soma Mithali 6:1-5. Aliyejifunga kwa maneno yake anashauriwa afanye nini, na upesi kiasi gani?

Shauri la Sulemani ni la haraka: asilale, aende, ajinyenyekeze, amsihi mwenziwe. Kubadili namba ya simu hakufuti deni, na kukopa kwa huyu ili kumlipa yule hukaza kitanzi. Mdaiwa mwaminifu huandika madeni yote, huyaweka wazi kwa mwenzi wake, hupunguza matumizi, kisha huahidi kiasi anachoweza kukitimiza. Akilipa, hudai risiti. Hakopi zaka ya Bwana ili kumtuliza mdai.

Naye akitishwa au kutukanwa, hana haja ya kunyamaza. Paulo alipotaka kupigwa mijeledi alitaja haki yake ya uraia (Matendo 22:25). Vivyo hivyo mdaiwa aweza kutunza jumbe za vitisho, kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi au Benki Kuu, na kumwambia anayekuja kubeba vyombo aonyeshe amri ya mahakama. Ukatili wa mdai haufuti deni, na deni halihalalishi ukatili.

ALHAMISI: Hati Iliyopigiliwa Msalabani

Soma Mathayo 18:23-35 na Wakolosai 2:13, 14. Mtumwa aliyesamehewa alimtendea nini mwenzake?

Alimkaba koo kwa ajili ya dinari mia, yeye aliyekuwa ametoka tu kusamehewa talanta elfu kumi. Yesu aliwachora wadai wakali kwa picha ambayo hakuna mdaiwa asiyeifahamu. Kisha akaenda msalabani, na hati ya mashitaka ikafutwa.

Kwa hiyo mwenye dhambi aliyelipiwa deni hilo hawezi kuaibishwa na ujumbe wowote wa simu mpaka akose thamani mbele za Mungu. Na kanisa lililolipiwa haliwezi kusoma ujumbe huo na kuusambaza. Mara nyingi mdaiwa huacha kwanza kuja Sabato, kwa aibu, kabla hajaacha kusali. Mzee wa kanisa au shemasi anayemtembelea juma hilo, akaketi naye na daftari, ametimiza Wagalatia 6:2.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Ellen G. White, katika ushauri wake juu ya uwakili, aliwahimiza waumini waliepuke deni kama wanavyouepuka ugonjwa wa ndui. Aliyekwisha kuambukizwa, hata hivyo, huhitaji mwuguzi kuliko mhubiri.

Maswali ya Kujadili:

1. Kundi lenu lina njia gani ya kumsaidia mshiriki mwenye mtoto mgonjwa usiku, asilazimike kukimbilia kausha damu? Hisa za VICOBA au mfuko wa Dorkasi zingeweza kufanya nini?

2. Mshiriki amekwisha kurudisha fedha zote alizopokea, lakini anadaiwa riba iliyozidi kiwango cha sheria. Jadilini wajibu wake, mkitumia Warumi 13:8 na Nehemia 5.

3. Ujumbe unaomtangaza mshiriki mwenzenu kuwa mwizi umefika katika simu yako. Utaufanya nini, na utamwambia nini Sabato ijayo?