Jibu Lirudi kwenye Kitendawili

Anayetega kitendawili hujifunga mwenyewe. Akisema nyumba yake haina mlango, na wasikilizaji wakahangaika hadi wakampa mji, jibu atakalolitoa lazima likae juu ya kila neno alilotamka. Yai linakaa: ni nyumba kweli, lina mwenyewe ndani, na halina pa kuingilia. Angejibu mtungi, kelele zingezuka, kwa sababu mtungi una mdomo, na waliotoa mji wangekuwa na haki ya kuudai. Filamu za kubuni za kisayansi huishi kwa mapatano ya namna hiyo. Mtunzi huomba tumkubalie jambo lisilokuwepo duniani, mashine ya kurudi jana au kiumbe kutoka nyota nyingine, nasi humkubalia papo hapo bila kudai ushahidi. Ni mji tunaoutoa kabla hata ya kushindwa. Mpinduko wa kisa, pale mambo yanapogeuka tusivyotarajia, ndio jibu lake. Tundu katika msuko ni neno alilolitega ambalo jibu halikulifikia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kubishana juu ya matundu ya filamu ni kazi ya wasio na kazi. Ubishi huo ni namna ya kudai ahadi itimizwe. Shida ni kwamba wabishi wengi hudai pasipo na deni: huishtaki sayansi ya filamu, ilhali kinachopaswa kuhojiwa ni kama kisa kimeyatii masharti kiliyojiwekea chenyewe.

Ziweke pamoja filamu mbili zinazofanana kwa mengi. Interstellar ya Christopher Nolan ilitoka 2014, Arrival ya Denis Villeneuve 2016. Zote mbili zinacheza na wakati, na moyo wa kila moja ni mzazi na binti yake. Arrival, iliyotokana na hadithi ya Ted Chiang ya mwaka 1998, inaanza na picha za mama, Louise, akimlea mtoto wake Hannah hadi ugonjwa unapomchukua akiwa bado kijana. Kisha vyombo 12 vya wageni vinatua, na Louise, mwanaisimu, anaitwa kujifunza lugha yao. Picha za mtoto zinaendelea kumjia, nasi tuliofundishwa mbinu rejeshi tangu shuleni tunajua, au tunadhani tunajua, kwamba anakumbuka msiba wake. Hapo ndipo jibu linapotoka: mtoto hajazaliwa bado. Lugha ya wageni, inayoandikwa kwa duara za wino zisizo na mwanzo wala mwisho, imemfanya anayeijua auone wakati wote kwa pamoja. Rudi nyuma sasa uhesabu maneno yaliyotegwa. Jina la Hannah linasomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma. Baba wa mtoto hatukuonyeshwa. Louise mwenyewe, katikati ya kisa, anauliza huyu mtoto ni nani, na sisi tukalisikia swali hilo kana kwamba ni wenge la uchovu. Kila neno limefikiwa.

Wabishi wana tundu lao hapa. Louise anazuia vita kwa kumpigia simu Jenerali Shang wa China, na namba ya simu anaipata kwa kuona siku zijazo, ambamo Shang anampa namba hiyo kwa sababu aliwahi kumpigia. Basi namba imetoka wapi kwanza? Swali ni la haki, lakini neno “kwanza” ndilo ambalo filamu ilikwisha kulifuta. Tulikubali, kabla ya hapo, kwamba katika lugha ile hakuna cha kwanza wala cha pili. Duara la simu ni duara lilelile la wino. Kinachonivutia zaidi ni kwamba sayansi yenyewe ni dhaifu. Wazo kwamba lugha humfungia au humfungulia msemaji uwezo wa kufikiri, linalohusishwa na Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf, halikubaliwi na wanaisimu wa leo kwa ukali ambao filamu inautumia. Hakuna lugha itakayomwonyesha mtu kesho yake. Na bado msuko haujafumuka popote, kwa sababu filamu iliomba udhaifu huo mapema, tukautoa, kisha ikaulipia mpaka senti ya mwisho, yaani mpaka Louise anapochagua kumzaa mtoto anayejua atamzika.

Interstellar ina hali ya kinyume. Sayansi yake ilisimamiwa na Kip Thorne, mwanafizikia aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2017, na milinganyo yake ilitumika kulichora shimo jeusi la Gargantua. Karibu na shimo hilo iko sayari ambako saa moja ni sawa na miaka 7 ya dunia. Hilo si kosa. Nadharia ya Einstein inaruhusu wakati kukokoteka namna hiyo. Kosa liko kwa watu. Rubani Cooper na wenzake wanaujua uwiano huo kabla ya kushuka, na wanaujadili kwa uchungu, kwani kila dakika ni umri wa watoto walioachwa nyumbani. Wanashuka kwa sababu mtafiti Miller, aliyetangulia miaka kumi na ushei nyuma, bado anatuma ishara njema. Wakishatua na kukuta mabaki majini ndipo wanapong’amua: kwa saa za sayari ile Miller alifika muda mfupi tu uliopita, na pengine amekufa dakika chache kabla yao. Lakini gawanya miaka 10 kwa 7. Unapata kama saa moja na nusu. Wanasayansi waliokabidhiwa hatima ya wanadamu, wakiwa na uwiano mkononi, hawakugawanya. Watetezi husema walikuwa na haraka na ishara zilikuwa hafifu. Ningewaelewa kama filamu isingetuonyesha wakipima kwa makini, papo hapo, gharama ya kila saa.

Naona kipimo kizuri cha uzito wa tundu ni kuliziba na kutazama kinachoanguka. Katika Blade Runner ya 1982, mkuu wa polisi anasema watu bandia sita wametoroka na mmoja amekufa, kisha anawataja wanne. Mmoja amepotea katika hesabu. Toleo la 2007 lilibadilisha idadi ya waliokufa, na filamu haikutikisika. Lilikuwa tundu ukutani. Lizibe sasa lile la Interstellar: wagawanye kabla ya kushuka, wajue ishara ya Miller ni ya saa moja na nusu tu, wasitue. Miaka 23 haipotei. Cooper haketi mbele ya skrini akiwaona watoto wake wakizeeka ujumbe baada ya ujumbe. Tukio bora kabisa la filamu, lile lililowaliza watazamaji duniani kote, limesimama juu ya hesabu ambayo mabingwa hawakuifanya. Hilo ni tundu la nguzo. Kwa kipimo hichohicho nawasamehe watunzi wa Terminator 2. Filamu ya kwanza, ya 1984, iliweka sharti kwamba mashine ya wakati haipitishi kitu kisichofunikwa na nyama hai. Ya pili, ya 1991, ikaleta adui wa chuma kioevu asiye na nyama hata kidogo. Sharti limevunjwa bila shaka. Lakini hakuna uamuzi wa mtu yeyote katika filamu ya pili unaolitegemea.

Wapo wanaosema matundu yazibwe nje ya filamu: mwongozaji ataeleza kwenye mahojiano, au filamu inayofuata itaweka sawa. Nalipinga hili. Mtafsiri wa kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea filamu huongeza maneno yake pale kisa kinapopwaya, na hufanya vizuri, kwa kuwa anasema wakati uleule na watu walewale. Kiraka kinacholetwa miaka baadaye huwa na bei. Katika Star Wars ya 1977, mzee Obi-Wan anamwambia kijana Luke kwamba Darth Vader alimuua baba yake. Mwaka 1980 ikafichuka kwamba Vader ndiye baba. Mwaka 1983 mzee akajitetea kwamba alisema kweli kwa mtazamo fulani. Tundu likazibika, ila tangu hapo mlezi yule ni mtu aliyemtuma yatima akamuue mzazi wake bila kumjulisha.

Wengine hulalamika kwamba wachunguzi huiharibu raha. Sikubali, na ushahidi wangu ni Planet of the Apes ya mwaka 1968. Mwanaanga Taylor anatua kwenye sayari inayotawaliwa na sokwe, na sokwe wanasema Kiingereza. Mbishi hupiga kelele hapohapo: haiwezekani! Katika riwaya ya Pierre Boulle sokwe wana lugha yao, na mgeni inambidi ajifunze. Filamu ikaonekana imefuata mazoea mavivu ya Hollywood, ambako kila kiumbe wa angani hukijua Kiingereza. Mazoea hayo ndiyo yaliyotuficha jibu. Mwisho Taylor anapiga magoti ufukweni mbele ya Sanamu ya Uhuru iliyofukiwa na mchanga, kumbe sayari ile ni dunia yetu, na lile tundu linageuka kuwa ushahidi uliokuwa wazi tangu awali. Nakiri kwamba Taylor mwenyewe hashangai hata mara moja kusikia lugha yake, na hapo filamu ina deni. Lakini itazame tena ukijua: saa ya chombo inaonyesha mwaka 3978, Taylor anaamini yuko mbali kabisa na nyumbani, na sokwe wa kwanza anafungua kinywa.