Barua Juu ya Kabati

Mtoto asiyeona yuko shule ya bweni. Siku moja yafika nyumbani karatasi nene iliyojaa vinundu. Ni barua yake ya kwanza, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Baba aipapasa, aigeuza huku na huku, kisha aiweka juu ya kabati mpaka apatikane mtu wa kuisoma.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo twataka kulifikiri leo pamoja nanyi, wazazi wapendwa. Je, mzazi aliyekwisha kulipa karo na nauli amekwisha kutimiza wajibu wake? Au yampasa pia kujifunza maandishi ya mwanawe?

Wengi watajibu kwamba kufundisha ni kazi ya mwalimu. Wengine watasema kwamba siku hizi simu yaweza kumsomea kipofu kitabu kizima kwa sauti. Basi nukta hizo ni za nini? Hoja hizi si za kudharauliwa. Lakini anayesomewa husikia tu. Hajui neno limeandikwa kwa herufi zipi. Tena mtoto yule hakumwandikia mwalimu wala mashine. Alimwandikia baba yake. Na mtoto ajuaye kwamba barua yake itapita kwanza katika mikono ya mtu mwingine, hataandika kwamba anapigwa, au kwamba usiku hulia kwa kukumbuka nyumbani.

Tumtazame Louis Braille, ambaye maandishi haya yaitwa kwa jina lake. Alizaliwa Coupvray, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1809, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, na baadaye macho yote mawili yakapofuka. Wazazi wake hawakumficha. Yasimuliwa kwamba baba yake alipigilia misumari ubaoni kwa umbo la herufi, ili mtoto azipapase. Padre wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha, na mwaka 1819 akapelekwa shule ya vipofu mjini Paris. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa amekwisha kubuni maandishi yake. Kabla ya nukta za mwana, kulikuwa na misumari ya baba.

Na breli si fumbo. Nukta 6 hupangwa safu mbili, tatu kushoto na tatu kulia. Herufi a ni nukta moja, ya juu kushoto. B ni hiyo pamoja na iliyo chini yake. Basi neno «baba» lina nukta 6 tu, na «mama» nukta 8. Mzazi aonaye aweza kuzisoma kwa macho. Kuandika kwa kibao na kitobozi ni kugumu zaidi, kwani mtu huanza kulia kwenda kushoto, ili nundu zitokee upande wa pili wa karatasi. Lakini hata hilo hufundishika.

Ugumu wenyewe haumo katika nukta. Umo katika kuketi mbele ya mwanao na kukosolewa naye. Mtoto huyu ameshikwa mkono tangu alipoanza kutembea. Saa hiyo yeye ndiye ashikaye mkono wa baba. Huruma humwambia, «Maskini, ngoja nikufanyie.» Heshima humwambia, «Ujualo wewe, nami nataka kulijua.» Mtoto asiyeona hupewa huruma kila siku, hata na wapita njia. Heshima hii ya pili, ni nani atakayempa kwanza kama si mzazi wake?

Hatumhukumu mzazi ashindaye shambani tangu alfajiri, wala yule ambaye hakupata kujua kusoma. Kila mtu hudaiwa kadiri ya uwezo wake. Lakini nukta 6 si mzigo mkubwa. Likizo ijayo, baba na aishushe barua ile kutoka juu ya kabati, aketi karibu na mwanawe, aseme, «Nifundishe.» Yamkini neno la kwanza atakalolisoma litakuwa jina lake mwenyewe: baba.