Siku saba za Tiro



Vijana wenzangu, leo nawaandikia kutoka Iramba, mkoani Singida. Ukitoka Singida mjini kwa barabara ya Nzega unashukia Misigiri, unapanda gari la Kiomboi, halafu kwangu mimi inabaki safari ya bodaboda kwenye vumbi. Ni senta ndogo tu. Maduka machache, mashine ya kukamua alizeti, zahanati, na sekondari ninayofundisha baiolojia.

Nataka kuongea na wewe uliyepangiwa kazi mbali na nyumbani, au unayesubiri kupangiwa, ambaye moyoni unajisemea: hapa napita tu, nikihamishwa nitarudi kusali vizuri. Sentensi hiyo naijua. Niliisema miezi minane.

Nikiwa chuo Dodoma nilikuwa kwenye uongozi wa TMCS. Mafungo, mikesha, kwaya, yaani Jumapili yangu ilikuwa imejaa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilijiona Mkatoliki aliyeiva. Nilipofika huku nikauliza kanisa liko wapi, nikaonyeshwa la Walutheri. Kwa Iramba hilo si la kushangaa, wenzetu wana mizizi mirefu sana hapa, na hata Hospitali ya Iambi, wilaya jirani ya Mkalama, ni yao. Kigango chetu sisi kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Misa ni mara moja kwa mwezi, na masika paroko akikwama njiani, basi hadi mwezi unaofuata.

Nilienda mara moja. Siku hiyo padri hakuwepo, katekista akaongoza ibada ya Neno. Tulikuwa watu kama thelathini, hakuna kinanda, nyimbo nyingine za Kinyiramba ambazo sikuelewa hata neno. Nikarudi nyumbani nikijiambia hii wala siyo Misa, heri nifuatilie Misa kwenye simu. Mtandao wa huku nao unakuja na kuondoka. Baada ya wiki sita hata simu sikuiwasha tena. Siwezi kusema niliamua kuacha kusali. Hakuna siku niliyoamua. Jumapili ikageuka siku ya kufua na kusahihisha madaftari, basi.

Na siwezi kusingizia kwamba sikujua pa kwenda. Mama mwenye nyumba wangu, Mlutheri wa damu, aliniambia zaidi ya mara moja: "Mwalimu, wenzako wanasali Jumamosi jioni, nyumba kwa nyumba. Wiki hii wako kwa yule mzee mwenye ng'ombe. Huendi?" Nikamjibu, "Mama, nina kazi za wanafunzi." Alikuwa ananitafutia kanisa langu kuliko nilivyolitafuta mimi.

Halafu dada yangu wa Morogoro akajifungua. Akanipigia akiwa bado amelazwa: mtoto wa kike, na mama yake wa ubatizo ni wewe. Nililia kwa furaha. Parokia yao ikataka barua kutoka kwa viongozi wangu wa jumuiya, ipitie kwa paroko, kuthibitisha kwamba ni mwamini ninayeshiriki. Jambo la kawaida kabisa, hata wewe unalijua. Nikavaa vizuri, nikaenda kwa yule mzee mwenye ng'ombe, ambaye kumbe ndiye mwenyekiti wa jumuiya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na daftari na kalamu. Akaweka karatasi juu ya goti. Akakaa kimya muda mrefu.

"Barua nitakuandikia, Mwalimu. Sasa niandike nini? Mimi sikujui."

Hakusema kwa ukali. Ningependa niwaambie alinisema vibaya, ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa anauliza kweli, kalamu iko mkononi. Nikamwambia aandike tu kwamba mimi ni mwanajumuiya. Akanitazama. "Hilo nikiliandika, Jumamosi nitasalije na wenzangu? Njoo tusali, tukufahamu, halafu nitaandika kwa moyo mweupe." Ubatizo ulikuwa baada ya siku tisa.

Niliondoka nimefura. Njia nzima nikimtungia majibu. Usiku nikafungua Sheria za Kanisa nitafute pa kumshindia, nikaishia kushindwa mimi. Kanuni ya 874 inadai msimamizi wa ubatizo awe amefikisha miaka 16, awe Mkatoliki aliyeimarishwa kwa kipaimara na kupokea Ekaristi, na aishi maisha ya imani yanayolingana na wajibu anaoupokea. Nilipofika kwenye hilo la mwisho nikafunga. Nilikuwa na kipaimara. Nilikuwa na vyeti vyote.

Morogoro nilienda. Nikakaa benchi la tatu, binamu yangu akamshika mtoto. Dada hakunilaumu, alinikumbatia tu, nikaona ni afadhali angenilaumu. Yule mtoto anakua, na kila akitajwa mama yake wa ubatizo, si mimi. Hilo halirudi nyuma.

Ninapenda mahubiri ya watu wanaosema "nikaguswa, nikarudi." Mimi sikuguswa. Jumamosi iliyofuata nilienda jumuiya kwa sababu ya hasira, nikitaka yule mzee anione nimekuja, aone aibu. Walikuwa kwa bibi mmoja asiyetoka tena nje kwa sababu ya miguu. Watu tisa, wengi wao akina mama watu wazima, na kijana mmoja wa darasa la sita ambaye ndiye aliyekuwa anasoma Injili kwa sababu macho ya wengine yamechoka. Nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Giza lilishaanza kuingia, taa ni moja.

Tulipofika kwenye maombi ya waamini, yule bibi akaomba kwa ajili ya mvua. Akaomba kwa ajili ya mjukuu wake aliye Dar es Salaam. Kisha akasema, na nasimulia kwa maneno yangu, Bwana umkumbuke na yule mwalimu mgeni aliyepanga kule kwa mama Mlutheri, jina lake bado hatujaambiwa, umlinde. Wote wakaitikia kama watu waliokwisha kuzoea kuitikia. Mtoto akanigeukia, akanyoosha kidole, akacheka. "Bibi, si huyu hapa!" Wakacheka wote. Mzee akasema, basi tuambie jina, Mwalimu, tupunguze maneno.

Kumbe kulikuwa na mahali nilipokuwa natajwa kila Jumamosi, bila jina, muda wote nilipokuwa nafua.

Sasa niwapeleke kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 21, aya ya 3 hadi ya 6. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuiona. Paulo yuko safarini kwenda Yerusalemu. Meli inatia nanga Tiro kushusha shehena. Yeye ni mpita njia tu, hana kazi Tiro, na si mji aliouhubiri yeye. Luka anasema waliwatafuta wanafunzi, wakawapata, wakakaa nao siku saba. Angalia mpangilio huo: walitafuta kwanza. Tiro ulikuwa mji mkubwa wa biashara, na Wakristo humo hawakuwa na jengo lenye msalaba juu la kuonyeshwa kwa kidole. Ilibidi kuulizia mitaani. Mtume mzima, mwenye makanisa aliyoyaanzisha kila upande, anaulizia: hapa wanasali wapi?

Kuna jambo lingine. Wale wa Tiro walitoka wapi? Rudi sura ya 11, aya ya 19. Waliotawanyika kwa sababu ya dhiki iliyotokea baada ya Stefano kuuawa walifika mpaka Foinike, na Tiro ni mji wa Foinike. Na dhiki ile nani alikuwa mstari wa mbele? Sura ya 8 inamtaja: Sauli, aliyeingia nyumba kwa nyumba akiwaburura watu kwenda gerezani. Kwa hiyo Paulo anapoulizia Wakristo wa Tiro, huenda anabisha mlango wa watu waliokimbia makwao kwa sababu yake. Mimi nilikuwa naona aibu ya miezi minane. Nadhani Paulo angecheka.

Walimpokea. Siku ya kuondoka wakamsindikiza wote, wake kwa watoto, mpaka nje ya mji, wakapiga magoti pale ufukweni wakasali pamoja. Ni wiki moja tu waliyokaa naye! Ukiniambia unapita tu, mwaka mmoja, miwili, nitakuuliza siku saba zinatosha kwa nini.

Lakini nisiwapambie mambo. Jumuiya yetu ina umbeya wake. Michango haiishi, na mwenye mshahara macho yote yako kwake. Kuna Jumamosi mazungumzo yote yanakwenda kwa Kinyiramba nami nabaki natabasamu kama sanamu. Mama mmoja mpaka leo haelewi kwa nini sijaolewa, na anaomba hadharani kuhusu jambo hilo, kwa sauti. Si sawa na TMCS. Hakuna rika langu hata mmoja.

Hata hivyo, jumuiya ndogondogo hazikutungwa kwa ajili ya watu wa vijijini wasio na padri, kama nilivyokuwa nadhani kwa kiburi changu. Maaskofu wa AMECEA, wa huku kwetu Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele kuanzia mikutano yao ya 1973 na 1976, na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilirudia jambo hilo mwaka 1995 kwenye Ecclesia in Africa, hati iliyotokana na Sinodi ya Afrika, inayoliita Kanisa Familia ya Mungu. Familia haichagui wanafamilia wa rika moja. Na ile ibada ya katekista niliyoidharau, kanuni ya 1248 inaihimiza sana pale ambapo hakuna padri. Mungu hajaiona Iramba kuwa ni dharura.

Basi ukipangiwa kazi, kabla hujafunga begi nenda kachukue barua ya utambulisho kwenye jumuiya yako ya sasa. Ukifika, usingoje Jumapili wala usingoje uone msalaba juu ya paa. Muulize mwenye duka, muulize mama mwenye nyumba, hata akiwa Mlutheri, hata akiwa Mwislamu, watu wa senta wanajua nani anasali wapi. Na wiki ya kwanza sema jina lako. Mimi niliwaachia bibi wa watu kazi ya kuniombea kama mtu asiye na jina.

Mzee aliniandikia barua, miezi mitatu baadaye, bila mimi kuomba. Akaniletea shuleni imekunjwa vizuri. "Ukihitaji," akasema. Iko ndani ya Biblia yangu.

Fomu ya uhamisho niliyoijaza mwaka jana bado iko halmashauri, na sijaenda kuifuatilia. Jumamosi hii zamu ni ya kwangu. Nina viti viwili na mkeka mmoja, na yule bibi wa miguu amesema ataletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mama mwenye nyumba ameshatoa mabenchi yake ya sebuleni, ila ameweka sharti kwamba na yeye atakaa.